Banda la Kuku Kando ya Mto Wisconsin



Juma hili natamani tuitazame historia ya jengo dogo mno, ambalo lingekuwa vijijini kwetu yamkini tungekwisha kulivua mabati na kuwaachia mchwa wamalizie kazi. Limo msituni, mbali na nguzo za umeme, karibu na mji wa Baraboo katika jimbo la Wisconsin, Marekani.

Mwaka 1935 Profesa Aldo Leopold alinunua huko shamba la ekari 80 lililokwisha kuchoka. Ardhi yake ni ya mchanga. Waliotangulia waliilima mahindi mpaka rutuba ikakwisha, kisha wakaondoka. Nyumba ya shamba ilikuwa imeteketea kwa moto, na jengo pekee lililobaki limesimama lilikuwa banda la kuku, ndani yake samadi tupu. Ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, na ukame ulikuwa ukipeperusha udongo wa mashamba mengi ya nchi ile.

Leopold, aliyezaliwa Burlington, Iowa, mwaka 1887, alikuwa bwana misitu aliyehitimu Yale mwaka 1909, na ni yeye aliyeshawishi serikali kutenga nyika ya Gila huko New Mexico mwaka 1924 isipitishwe barabara. Tangu mwaka 1933 alifundisha usimamizi wa wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi: alipolitafuta shamba lile alitaka kwanza kambi ya kuwindia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzoa samadi kwa koleo. Mkewe, Estella Bergere, binti wa familia Katoliki ya New Mexico aliyefunga naye ndoa Santa Fe mwaka 1912, alishiriki, pamoja na watoto wao watano. Baadaye waliezeka upya, wakajenga mahali pa kuotea moto na dohani yake, wakaongeza ubavuni chumba cha vitanda vya kupandana. Mbao nyingi hawakuzinunua. Mto ulipofurika ulibeba magogo na mbao za watu wa juu, na maji yalipopungua familia ilizikusanya ufukoni. Maji ya kunywa yalitoka kwenye pampu ya mkono, mwanga kwenye taa za mafuta, na joto kwenye kuni walizokata kwa msumeno wa watu wawili. Choo kilikuwa nje, nao wakakiita kwa mzaha Parthenon, jina la hekalu la kale la Athens! Banda lenyewe waliliita kibanda tu, na halikupata kuwa nyumba ya fahari.

Lakini banda lilikuwa sehemu nyepesi ya kazi. Uzito ulikuwa ardhi. Kila mwezi wa Aprili walipanda miche ya misonobari, na katika mwaka wa kwanza, 1936, ukame uliua karibu yote. Wakapanda tena mwaka uliofuata, na uliofuata, hata ikawa makumi ya maelfu ya miti. Alfajiri profesa aliketi nje na daftari, akiandika ni ndege gani ameanza kuimba na saa ngapi, na ni ua lipi limechanua siku gani.

Hapa nina neno. Ni rahisi kumsifu Leopold na kumlaani mkulima aliyemtangulia, lakini haki haituruhusu. Profesa alikuwa na mshahara na nyumba mjini Madison. Alikwenda shambani mwishoni mwa juma na wakati wa likizo, na miche ilipokufa watoto wake hawakulala njaa. Anayelima ili alipe deni hana miaka kumi ya kuungojea mti. Nadhani yeyote anayehubiri utunzaji wa mazingira kwa maskini, sisi mapadre tukiwemo, yapasa aanze na swali hilo la nani atagharimia kungoja.

Tarehe 21 Aprili 1948 moto wa nyasi ulizuka katika shamba la jirani. Leopold alikwenda kusaidia kuuzima, akapatwa na mshtuko wa moyo, akafariki papo hapo akiwa na umri wa miaka 61. Juma moja kabla alikuwa amepata habari kwamba wachapishaji wamekubali mswada wake. Mwanawe Luna aliushughulikia, nao ukatoka mwaka 1949 kwa jina A Sand County Almanac. Humo mwandishi anapanua maana ya jumuiya ya kimaadili, ili udongo, maji, mimea na wanyama wahesabiwe ndani yake.

Mwaka 1982 watoto wote watano walianzisha wakfu wa kutunza shamba, na mwaka 2009 kibanda kilitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa. Binti mmoja, Nina, alirudi kuishi jirani katika miaka ya 1970, akaendelea kuandika tarehe za maua na ndege kama babaye, hata tukaweza kulinganisha majira ya wakati ule na ya sasa. Alifariki mwaka 2011. Wa mwisho kati yao, Estella, mwanasayansi wa chavua za kale, alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 97. Kituo cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 2007, karibu na mahali alipoanguka baba yao, kilijengwa kwa misonobari ambayo familia ile ilipanda kwa mikono yake.