Pua ya Bati: Madini ya Maziwa Makuu na Kinga Dhidi ya Gesi

Mto Ruhwa ni mpaka wa Rwanda na Burundi. Wateremka hadi tambarare ya Bugarama, wilayani Rusizi, na kumwaga maji yake katika mto Ruzizi, mahali ambapo Rwanda, Burundi na Kongo zinakutana. Maji ya Ruzizi hutoka ziwa Kivu, lililoko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kushuka hadi tambarare hiyo, ambayo haifiki mita 1,000. Mwananchi anayevuka mpaka wa Ruhwa akielekea sokoni huyaona maji hayo kila siku. Asichokiona ni gesi iliyobaki nyuma, chini kabisa ya ziwa.

Wataalamu wamekadiria kwamba katika vilindi vya Kivu mmeyeyuka kilomita za ujazo zipatazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani. Methani ni mali. Tangu mwaka 1963 ilichotwa Rubona, karibu na Gisenyi, ikawasha matanuri ya kiwanda cha bia, na tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt, upande wa Karongi, huigeuza kuwa umeme. Lakini gesi hiyo hiyo ni hatari. Tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos la Kamerun lilitoa kabonidayoksaidi kwa ghafula usiku. Gesi hiyo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ilifuata mabonde na kuwaua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Kabonidayoksaidi yenyewe haina harufu wala rangi.

Wakazi wa Goma hawakuhitaji kwenda Kamerun kujifunza jambo hili. Wao huita mazuku, yaani upepo mbaya, zile sehemu za mabonde ambamo kabonidayoksaidi ya volkeno hutuama karibu na ardhi. Mtu mzima aliyesimama huweza kupita salama, na mtoto au mbuzi akafa papo hapo. Neno hilo la wananchi leo hutumiwa na wanasayansi wa dunia nzima. Swali ni moja tu: kama pua ya binadamu haiwezi kuitambua gesi hii, kitu gani kitaitambua kwa niaba yake?

Jibu la swali hilo lilianza kutafutwa katika migodi ya makaa ya mawe. Mwezi Mei 1812, mlipuko wa methani katika mgodi wa Felling, Uingereza, uliwaua wachimbaji 92. Miaka mitatu baadaye Humphry Davy alitengeneza taa ambayo mwali wake ulizungukwa na wavu wa nyaya. Wavu ulizuia moto usitoke nje, na mwali uliporefuka na kuwa wa samawati, mchimbaji alijua kwamba gesi ipo. Mwaka 1817 Davy huyo huyo aligundua kwamba waya wa platinamu uliopashwa moto huendelea kung'aa ndani ya gesi hata kama hakuna mwali. Ugunduzi huo ulikuwa mbegu ya kitambuzi cha gesi. Hata hivyo, kwa muda mrefu wachimbaji waliendelea kutegemea chiriku ndani ya tundu, ndege mdogo aliyeanguka mapema kuliko wao palipokuwa na hewa ya sumu. Uingereza iliwaondoa ndege hao migodini mwaka 1986, mwaka ule ule wa msiba wa Nyos.

Badiliko kubwa lilitokea Japani. Katika miaka ya 1960 gesi ya kupikia ilienea majumbani, na milipuko ikaongezeka. Mwaka 1962 Naoyoshi Taguchi alisajili uvumbuzi wa kitambuzi kilichotengenezwa kwa oksaidi ya bati. Utendaji wake ni rahisi kueleweka. Oksaidi hiyo hupashwa moto wa nyuzi mia kadhaa, nayo oksijeni ya hewani hujibandika juu ya chembe zake na kuzuia umeme usipite vizuri. Methani au gesi ya makaa ikifika, hula oksijeni ile. Njia ya umeme hufunguka, na kengele hulia. Paladiamu kidogo ikiongezwa, kitambuzi huwa chepesi zaidi kuhisi.

Hapa ndipo historia inaporudi katika vilima vya Rwanda. Madini ya kasiteriti, ambayo wananchi wa Rwanda na Kivu wameyachimba tangu zama za ukoloni, ni oksaidi ya bati yenyewe, ingawa ile ya kitambuzi husafishwa kwa uangalifu mkubwa. Wolframu, ambayo pia huchimbwa Rwanda, hutoa oksaidi inayotambua gesi chafu za moshi wa magari. Koltani hutoa tantalamu. Kwa kuwa kabonidayoksaidi haiungui, kitambuzi cha bati hakiifai; hiyo hupimwa kwa mwanga usioonekana ambao gesi hiyo huumeza, na baadhi ya macho yanayoupokea mwanga huo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa lithi na tantalamu.

Kwa hiyo nchi zinazoishi na gesi ndizo zinazochimba madini ya kuitambua. Kwa miaka mingi madini hayo yalisafirishwa yakiwa ghafi. Kampuni ya SOMIRWA, iliyoundwa mwaka 1973, ilijenga tanuru la kuyeyushia bati huko Karuruma, Kigali. Mwaka 1985 kampuni hiyo ilifilisika, na mwezi Oktoba wa mwaka huo bei ya bati duniani ikaporomoka. Ni kweli kwamba kitambuzi kimoja huhitaji bati kidogo mno, na hakuna nchi itakayotajirika kwa uzito wake. Thamani imo katika elimu ya kuisafisha, kuipima na kuitengeneza.

Umuhimu wa elimu hiyo ulidhihirika mwezi Mei 2021. Nyiragongo ilipolipuka, matetemeko yalifuata, na hofu kwamba lava chini ya ardhi ingeweza kulitikisa ziwa ikawa mojawapo ya sababu za kuwahamisha mamia ya maelfu ya wakazi wa Goma. Katika saa kama hizo, serikali hutegemea vipimo. Penye vipimo huweza kupima hatari na kuamua. Pasipo vipimo hubaki kubahatisha, na anayelipa ni mwananchi.

Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilianzisha Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na kutokana na ushirikiano huo likajengwa bwawa la umeme la Ruzizi II. Nchi hizo zilitambua kwamba mto mmoja hauwezi kugawanywa vipande vitatu. Gesi nayo haisimami mpakani kuonyesha hati. Kitambuzi kilichowekwa bondeni, shimoni mwa mgodi, au katika nyumba inayopikia kwa jiko la makaa, hulinda uhai bila kuuliza uraia. Vilima vimekwisha kutoa bati. Kilichobaki ni wajibu wa wanaotawala, wanaofundisha na wanaochimba, kuhakikisha kwamba bati hilo linarudi Bugarama na Goma likiwa kinga, kabla upepo mbaya haujapita.