Mitandao isiyo na minara: Njia fupi si lazima iwe bora

MTANDAO wa simu za mkononi hutegemea minara. Mafuriko au tetemeko la ardhi likiiangusha, mawasiliano hukatika wakati yanapohitajika zaidi. Hata hivyo, ipo mitandao isiyotumia waya ambayo haihitaji mnara. Kila kifaa hupokea ujumbe wa jirani yake na kuupitisha kwa mwingine hadi umfikie anayekusudiwa. Ndiyo maana mitandao hiyo huwafaa waokoaji na wanajeshi.

Ugumu wake ni kuchagua njia. Itifaki za awali, kama vile DSDV ya mwaka 1994, zilipendelea njia inayopitia vifaa vichache. Lakini vifaa vikiwa vichache, umbali kati ya kimoja na kingine huwa mkubwa, mawimbi hudhoofika na ujumbe hupotea.

Mwaka 2003, Douglas De Couto na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipendekeza kipimo kiitwacho ETX. Kila kifaa hutuma vijumbe vya majaribio mara kwa mara, nao majirani huhesabu vilivyowafikia. Kutokana na hesabu hiyo hukadiriwa ni mara ngapi ujumbe utatumwa ndipo ufike na thibitisho lirudi.

Kwa mfano, ikiwa nusu tu ya ujumbe hufika na nusu tu ya thibitisho hurudi, itabidi kutuma mara nne kwa wastani. Njia ya kupitia kifaa cha kati, ambapo asilimia 90 hufika na asilimia 90 hurudi katika kila hatua, huhitaji takriban mara mbili na nusu. Njia ndefu basi ndiyo nafuu.

Hata hivyo, kipimo hicho kina kasoro. Mwaka 2004, watafiti wa kampuni ya Microsoft walionyesha kuwa ETX ilifanya vyema vifaa vilipotulia. Mtumaji alipotembea, ilishindwa na mbinu ya zamani ya kuhesabu hatua, kwa kuwa vipimo vyake vilichelewa kutambua mabadiliko.

Kwa hivyo, paani mwa nyumba, ambako vifaa havisogei, ubora wa kiungo ndio wa kuzingatiwa. Kwa mwokoaji anayetembea, kipimo kilichochelewa humwelekeza kwenye kiungo ambacho tayari kimekatika.