UZI: "Na wewe umetoa ngapi?" Historia fupi ya mastaa, michango na hasira zetu

1/ Kila janga likitokea tunaona sinema ile ile. Staa anatoa video, sauti imeshuka, nyuma kuna muziki wa huzuni, chini kuna nambari ya M-Pesa. Dakika tano haziishi, maoni yamejaa: "Uza gari moja kwanza." "Na wewe umetoa ngapi?" Halafu kwenye mijadala ya siasa tunaambiwa ati Wakenya siku hizi wana roho ngumu. Mimi nakataa. Twende pole pole.

2/ Nimelelewa Bumala, barabara ya Kisumu kwenda Busia, pale magari ya Port Victoria yanapokata kona. Harambee nilizijua kabla sijajua kusoma. Kamati ndiyo ilianza: mwenyekiti anataja chake, mweka hazina chake, ndipo wageni wanaitwa. Mama aliyeleta kuku, kuku wake ananadiwa. Jioni jumla inasomwa kwa kipaza sauti, kila mtu anasikia.

3/ Kwa hivyo hilo swali la "umetoa ngapi" halikuzaliwa mtandaoni. Ni utaratibu wa zamani: anayeomba hutangulia kutoa, na daftari hufunguliwa mbele ya watu. Hata leo orodha za mchango kwenye WhatsApp ziko hivyo. Unanakili, unaongeza jina lako na kiasi, unatuma. Admin akiomba na jina lake halipo, ataulizwa tu.

4/ Lakini tusidanganyane, harambee nayo iliharibiwa. Baada ya 1963 ilijenga shule na zahanati nyingi sana. Baadaye wakubwa wakaona ni jukwaa zuri. Mgeni wa heshima anafika na bahasha "kutoka kwangu na marafiki zangu", kitita ambacho mshahara wake hauwezi kukieleza. Na huku chini raia anasukumwa atoe kama vile analipa kodi ya pili.

5/ Ndiyo maana Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa kuchangisha ofisini kwake au kutumia cheo kumshinikiza mtu atoe. Na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Ikulu ikatangaza maafisa wa serikali wakae mbali na harambee. Miaka 21 katikati, tatizo lile lile. Sasa staa akisimama na kikapu, watu wanaona kivuli cha yule wa bahasha.

6/ Ulaya nako yalikuwepo. Novemba 1984 wanamuziki wa Uingereza walirekodi wimbo wa Band Aid kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Julai 1985 likafuata tamasha la Live Aid, London na Philadelphia. Pesa zilipatikana, na chakula kilifika. Ila jina la wimbo lilihoji kama watu wa huko wanajua kuwa ni Krismasi. Ethiopia, yenye Ukristo tangu karne ya 4! Anayeombewa hakuulizwa kitu.

7/ Sasa mnaosema Mkenya hatoi, kumbukeni 2011. Ukame ulikuwa umekausha Turkana, na Somalia Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa tarehe 20 Julai. Wiki moja baadaye Kenyans for Kenya ikaanza, ikiwa na Msalaba Mwekundu wa Kenya, Safaricom, KCB na vyombo vya habari. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Lilipitwa, na sehemu kubwa ya watu walituma kupitia simu, kila mtu kwa uwezo wake.

8/ Lakini hata wakituma, watu waliuliza: ushuru tunalipa, maghala ya taifa yapo, mbona Turkana inalala njaa? Hilo swali si uchoyo. Mtu anaweza kutoa mia yake kwa roho safi na bado akataka jibu. Kinachoudhi ni pale video ya staa inapofanywa kuwa ndilo jibu lenyewe.

9/ Haya, upande wa pili, na huu ni hapo tu ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2019 mtangazaji wa Uingereza Stacey Dooley alienda Uganda kwa ajili ya Comic Relief, akaweka picha amembeba mtoto. Kelele zikawa nyingi: mnatufanya watu wa kuhurumiwa tu. Usiku wa mchango ulileta pauni milioni 63 na ushee, karibu milioni 8 chini ya 2017. Mwaka uliofuata shirika likasema halitatuma tena mastaa Afrika. Ukosoaji ulikuwa wa haki. Lakini pengo la pesa haliziki kwa staa. Linaziba, au haliziibi, mahali ambapo pesa zilikuwa ziende.

10/ Hapa nijiseme mwenyewe. Mei 2020 Nzoia ilivunja kingo, Budalangi ikafunikwa na maji. Msanii mmoja akatoa video ya kuomba mchango. Nilimchamba vizuri sana, nikapata laiki nyingi. Jioni shangazi yangu, ambaye alikuwa akizunguka maduka ya soko akikusanya unga na blanketi, akanisomea orodha yake. Akafika mwisho, akanitazama. "Na wewe mwanangu, nikuandike ngapi?" Sikuwa nimetoa hata sumni.

11/ Kwa hivyo kwangu swali libaki, ila liulizwe kwa mpangilio. Anayeomba ametangulia kutoa nini? Daftari litafunguliwa lini, na nani atalisoma? Aliyepaswa kulinda hawa watu kwa kodi yetu yuko wapi? La nne ni letu sisi wa kwenye maoni: umetoa ngapi?

12/ MC wa harambee hupenda kusema kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli. Ila nimeona huo usemi ukisomewa zaidi wasio na kitu. Siku nyingine usomewe pia wenye magari matano, halafu sisi wengine tupange foleni nyuma yao.

Mwisho wa uzi. Kama kijijini kwenu harambee ilikuwa na utaratibu tofauti, niandikie hapa chini.