Aliyefungwa Kamba: Chimbuko la Maneno ya Uchokozi katika Kiingereza

Anayejifunza Kiingereza hupewa maneno ya kumuudhi mtu kwa mkupuo, kana kwamba yote ni mamoja: bait, badger, goad, tease, heckle. Kamusi ndogo huyafasiri kwa neno moja tu, chokoza, na mwanafunzi akaendelea na safari yake. Lakini maneno haya yalitoka shambani, kwenye karakana za nguo na kwenye viwanja vya damu, na ukiyafuata hadi huko unakuta jambo ambalo tafsiri imelificha: karibu katika kila moja, anayechokozwa amefungwa au ameshikwa. Hana pa kwenda. Nashikilia kwamba Waingereza walipotafuta namna ya kuuita uchokozi, walitazama mahali ambapo mmoja ana kifaa mkononi na mwingine hawezi kuondoka, wakaazima jina kutoka hapo.

Ushahidi mwingi zaidi uko katika bait. Neno hili liliingia Uingereza pamoja na watu wa Skandinavia, ambao kwao beita ilikuwa kauli ya kutendesha ya bíta, yaani kuuma, jinsi sisi tunavyopata ng'atisha kutoka ng'ata. Ilikuwa kazi ya kuwafanya mbwa wamng'ate mnyama. Katika karne ya 16 mchezo huo ulikuwa na makao yake ng'ambo ya kusini ya mto Thames, eneo la Bankside, London. Dubu alifungwa kwa mnyororo kwenye mti uliosimikwa uwanjani, mbwa wakaachiliwa, na watu wakalipa kiingilio ili waone. Malkia Elizabeth I aliupenda. Alipozuru ngome ya Kenilworth mwaka 1575 aliandaliwa dubu 13. Jumapili ya tarehe 13 Januari 1583 majukwaa ya watazamaji huko Paris Garden, katika eneo hilohilo, yaliporomoka na kuua watu, na wahubiri wakatangaza kuwa ni adhabu ya kuivunja Sabato. Juu ya dubu mwenyewe hawakuwa na la kusema. Mwaka 1614 ukafunguliwa ukumbi wa Hope, uliokuwa na jukwaa la kuondoleka ili siku moja waigizaji wacheze na siku nyingine dubu waletwe. Ukaribu huo una maana kubwa. Macbeth, mfalme katika tamthilia ya Shakespeare, karibu na kufa kwake, anajifananisha na dubu aliyefungwa mtini, na mtazamaji wa London hakuhitaji kufafanuliwa. Alikuwa amekwisha kuusikia mnyororo ule.

Badger ni habari hiyohiyo kwa mnyama mdogo zaidi. Ni jina la mnyama aliye jamaa ya nyegere, mwenye kujichimbia shimo na kutoka usiku. Waingereza walimkamata, wakamtia ndani ya sanduku au pipa, kisha wakawatuma mbwa wamvute nje. Mwishoni mwa karne ya 18 jina lake likawa kitenzi cha kumsumbua mtu bila kumpa nafasi ya kupumua. Wengi hudhani mnyama huyo alikuwa msumbufu kwa tabia, kumbe yeye ndiye aliyesumbuliwa. Goad ilikuwa fimbo yenye ncha, ya kumdunga ng'ombe aliye chini ya nira. Hapa Kiswahili hakina haja ya mkalimani: waliotafsiri Matendo ya Mitume waliita fimbo hiyo mchokoo, na ni vigumu kutosikia mchokoo, na kuchokoa, ndani ya kuchokoza. Tease nayo ilikuwa kuzichambua na kuzivuta nyuzi za sufu kabla ya kusokotwa, hadi karne ya 17 ilipoanza kusemwa juu ya watu.

Msomi wa lugha atanipinga hapa, na ana haki. Atasema asili ya neno haiamui maana yake. Kijana wa leo anayetumia bait hamfikirii dubu. Tena asili hudanganya: egg on, kumtia mtu ujasiri wa kufanya baya, haina uhusiano wowote na yai, bali imetoka katika neno la Kinorsi, lugha ya watu wale wa Skandinavia, la makali ya upanga. Nakubali yote hayo kuhusu msemaji wa leo. Hoja yangu ni juu ya siku ile neno lilipovuka kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu. Siku hiyo kitu chenyewe kilikuwa hai machoni pa watu. Kitenzi badger kilienea huku mnyama huyo bado akivutwa kutoka masandukuni, maana Bunge lilipiga marufuku michezo hiyo mwaka 1835 tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kiingereza kina pia provoke, na provocare ya Kilatini ni kumwita mtu atoke, kumpa changamoto. Aliyeitwa amesimama huru na anaweza kujibu. Hiyo ni kweli, lakini tazama neno hilo lilikokaa. Sheria ya Uingereza ililichagua ili kumpunguzia hatia mtu aliyeua kwa hasira ya ghafla, na kanuni hiyo ilikomaa katika karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18 kwenye kesi za wanaume wenye silaha walioona heshima yao imevunjwa. Wazo hilo lilisafiri na dola. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zinalo hadi leo. Uingereza yenyewe ililifuta jina hilo katika utetezi wa kesi za mauaji mwaka 2010. Kwa hiyo provoke haivunji hoja yangu. Inaonyesha kwamba mwenye upanga kiunoni alikuwa na neno lake, na lugha ya zizini na kiwandani ilikuwa na yake.

Neno moja tu linanipa taabu ya kweli, nalo ni heckle. Ku-heckle kitani ilikuwa kuyapitisha mafungu ya nyuzi kwenye chanuo la miiba ya chuma, tena na tena, hadi takataka zote zitoke. Mji wa Dundee, Uskoti, ulijaa mafundi wa kazi hiyo, watu waliosifika kwa ukaidi wa kisiasa. Inasimuliwa kwamba mmoja wao aliwasomea wenzake gazeti huku wakifanya kazi. Baadhi husema kelele zao ndizo zilizolipa neno maana yake ya sasa. Mimi naona chanuo lenyewe linatosha: katika karne ya 19 Waskoti waliitumia kwa kumsaili hadharani mgombea wa Bunge, wakimchana kwa maswali kama kitani. Aliyeshikwa sasa ni mkubwa, maana anataka kura na hawezi kushuka jukwaani; kifaa kimo mkononi mwa mnyonge. Oktoba 1905 Annie Kenney, aliyeanza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka kumi, aliukatiza mkutano wa mwanasiasa Edward Grey mjini Manchester pamoja na Christabel Pankhurst, akiuliza kama wanawake watapewa kura. Walitolewa nje na kufungwa. Na Mei 1908, Winston Churchill alipogombea uchaguzi mdogo wa Dundee, mji uleule wa mafundi wa chanuo, Mary Maloney, mpigania kura za wanawake, alimfuata mikutanoni na kengele kubwa, akiipiga kila mgombea alipofungua kinywa.