Maji ya choo yanaporudi nyuma: namna ya kutambua tatizo liko wapi

Katika miji yetu ya Goma, Bukavu au Uvira, maji machafu ya nyumba nyingi hayaendi katika mfereji wa mji. Yanapita kwenye tiyo chini ya parsele hadi fosi septiki, kisha yanazama katika udongo. Kwa hiyo mwenye nyumba mwenyewe anapashwa kujua kusoma dalili, kabla fundi hajaanza kuchimba mahali pasipo na tatizo.

Ikiwa lavabo moja tu inakawia kumeza maji, kizuizi kiko karibu: mafuta ya kupikia, nywele, ao mchanga wa kusugulia sufuria. Lakini choo, dushi na lavabo vikikawia pamoja, tiyo kubwa imeziba ao fosi imejaa. Maji machafu yatatokea kwanza mahali pa chini kabisa, kwa kawaida tundu la dushi.

Harufu peke yake si alama ya fosi kujaa. Katika choo cha wageni kisichotumika, maji ya sifoni hukauka na harufu ikapanda. Mwaga ndoo moja ya maji, ungoje hadi kesho.

Kisha fungua regari, vile vishimo vyenye kifuniko vilivyo kati ya nyumba na fosi. Ya kwanza ikiwa imejaa na ya pili kavu, kizuizi kiko kati yake. Chimba hapo tu. Zote zikijaa, tazama fosi. Maji yakipanda wakati wa mvua peke yake, uliza maji ya paa yanaishia wapi: wengi huyaelekeza fosini, na hiyo si akili. Kwenye milima ya Bukavu, ambako udongo hutembea, tiyo huachana. Majani mabichi mahali pamoja mwezi wa Julai yatakuonyesha pale.

Goma ni shida nyingine. Jiwe la lava lina nyufa, na fosi iliyopasuka haijai kamwe. Watu huisifu! Kumbe inamwaga kwa jirani na kuelekea ziwa, nasi tunajua kolera inapita njia gani. Kanuni ya kawaida ni mita 30 kati ya choo na kisima, lakini katika mwamba wenye nyufa hata hizo hazitoshi. Maji ya kisima yachemshwe. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamdai mwenye nyumba damu ya mtu anayeanguka kutoka darini kwake. Tunaona fosi iko chini ya sheria hiyohiyo.

Mtu asiingie fosini, hata ikiwa imetolewa maji. Hewa yake huua kwa dakika chache, na huku kwetu mazuku pia hukusanyika katika mashimo. Mmoja akianguka, usishuke kumfuata: ita msaada, na wote wabaki juu.