Wanyapara wa Bagamoyo na Uhuru wa Kubadili Msafara

Katika kurasa za michezo za magazeti yetu limezoeleka siku hizi neno "mchezaji huru". Maana yake ni mchezaji ambaye mkataba wake na timu umekwisha, naye ana ruhusa ya kujiunga na timu yoyote imtakayo, wala timu ya kwanza haina haki ya kumzuia. Huko Marekani, ambako mpira wa kikapu ni biashara kubwa, jambo lenyewe si la zamani sana. Hata miaka ya 1970 ilipoingia, mchezaji wa ligi ya NBA aliyemaliza mkataba wake alibaki amefungwa na timu ile ile. Oscar Robertson, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi mwaka 1970, na mapatano yalipofikiwa mwaka 1976 ndipo kamba ile ilipolegezwa. Uhuru kamili kwa wachezaji waliokwisha tumika miaka mingi ukaja mwaka 1988. Kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, ameonja hali zote mbili. Alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. Mwaka 2011 timu ikampeleka Houston, na mwaka 2012 Houston ikampeleka Portland, kama bidhaa ibadilishwavyo kwa bidhaa. Kisha, katika mwaka huo huo wa 2012, akiwa hana mkataba na mtu, alitia sahihi yake mwenyewe kwa Oklahoma City Thunder.

Nimeanza na jambo hili la mbali kwa sababu moja. Wengi hudhani kwamba mtu mwenye sifa ya kazi yake kuwaweka matajiri wawili au watatu wakishindana kumpata, kisha yeye akachagua, ni desturi iliyotujia na michezo ya Wazungu. Yatosha kuitazama pwani ya Bagamoyo ya kati ya mwaka 1857 na mwaka 1889 kuona kwamba sivyo. Sitaingia katika mzozo wa maana ya jina la mji huo, ambao umekwisha kula karatasi nyingi. Nataka kuwaangalia watu waliokuwa wakiandikwa pale, hasa wakubwa wao, na kuuliza kama neno "watoro", ambalo vitabu vya wasafiri vimewapaka wengi wao, lawastahili.

Msafara wa bara ulikuwa na ngazi zake. Chini walikuwa wapagazi, waliobeba pembe, nguo, shanga na masanduku, kila mmoja mzigo wa ratili sitini au sabini. Mbele yao alitembea kirangozi, mwenye bendera na manyoya kichwani, ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumpita njiani. Juu yao walikuwa wanyapara, walioamua ugomvi, waliogawa posho na waliozungumza na watemi habari ya hongo. Majina yenyewe yaonyesha kazi hii ilitoka wapi. Mnyapara ni neno la Kinyamwezi, nalo kwao lilikuwa na maana ya mtu mzima anayeheshimiwa. Na kirangozi ni ndugu wa kiongozi wetu. Pwani haikuwafundisha Wanyamwezi upagazi, bali iliupokea kutoka kwao pamoja na maneno yake.

Mpagazi Mnyamwezi aghalabu alikuwa mtu huru, tena mwenye shamba kwao. Aliteremka pwani na pembe, akangoja msafara wa kupanda nao, na hakupenda kuukosa msimu wa kilimo. Kwa hiyo tajiri aliyefika Bagamoyo wakati usiofaa alikaa. Stanley alivuka kutoka Unguja mwanzo wa Februari 1871 akidhani ataondoka mara moja. Msafara wake wa mwisho uliondoka tarehe 21 Machi, baada ya wiki sita za kuwatafuta wapagazi na kugombana na wachuuzi wa Kihindi waliowaandika watu kwa niaba yake. Fedha alikuwa nazo. Kilichomkosa ni watu, na watu walijua hivyo.

Katika hali kama hiyo mtu mwenye jina alikuwa na thamani yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Sidi Mubarak, ajulikanaye kwa jina la Bombay. Alizaliwa Uyaoni, akatekwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, na bwana wake alipokufa akapata uhuru na kurudi Unguja. Mwezi wa Februari 1857, Burton na Speke walipopanda bonde la Pangani, walimkuta katika ngome ya Chogwe akiwa askari wa Sayyid. Walipendezwa naye, wakataka kumchukua. Bombay hakukubali upesi. Alijivutavuta, mpaka walipomlipia madeni yake, ndipo akaacha uaskari na kuwafuata. Hapo twaona mambo yote ya mhamo kama yajulikanavyo leo: aliyekuwa na kazi mahali, wanaomtamani, mlegezo wa makusudi, na fedha ya kulikata shauri.

Safari ile ilianzia Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, mwezi wa Juni 1857, nayo ilifika Ujiji na Ziwa Tanganyika. Iliporejea mwaka 1859 ilileta na ugomvi. Burton alikataa kuwapa Said bin Salim na wengine malipo ya ziada waliyoyategemea, kwa hoja kwamba hawakuwa wametimiza wajibu wao, na balozi wa Kiingereza Unguja, Rigby, akaishika kesi yao. Burton hakurudi tena bara. Speke alirudi mwaka 1860, akawapata tena Said bin Salim na Bombay. Mimi siwezi kuamini kwamba mambo haya mawili hayakuhusiana. Wanyapara walizungumza wao kwa wao barazani, na habari ya nani hulipa na nani hupunja haikuhitaji barua kufika kutoka Unguja hata Saadani na Pangani.

Katika safari ya pili, ya 1860 hata 1863, Bombay alipata cheo kikubwa zaidi, na pamoja nacho uchungu wa aina mbili. Mwenzake Baraka, mtu mwerevu na msemaji, hakuridhika kuwa chini yake, na uhasama wao ulimsumbua Speke njia nzima. Tena, katika ugomvi mmoja Speke alimpiga Bombay ngumi usoni, hata meno yake ya mbele yakatoka. Stanley alipoonana naye mwaka 1871 pengo lile alilikuta. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kimekwisha kumpa nishani ya fedha. Pengo na nishani, vyote viwili alivipata katika utumishi ule ule.

Stanley alikuwa mgeni, tena mwandishi wa gazeti, hakuwa na jina lolote pwani. Alifanya kama timu changa ifanyavyo: alitafuta watu waliokwisha shinda kwa wengine. Akamwandika Bombay kwa riale 80 kwa mwaka, nusu ikilipwa mbele, pamoja na bunduki, bastola, kisu na shoka. Wenzake watano waliokuwa pia watu wa Speke, nao ni Uledi, Ulimengo, Baruti, Ambari na Mabruki, aliwapa riale 40 kila mmoja. Yaani nahodha alipata maradufu ya askari mwenye sifa. Hesabu hii yafaa kukumbukwa na wale wasemao kwamba wapagazi wa zamani walilipwa kwa kofi na ugali.

Safari ilipokwisha na Livingstone kuonekana, Bombay hakukaa na Stanley. Mwaka 1873 aliondoka tena Bagamoyo, sasa na Cameron, ambaye alilikata bara lote hata akatokea pwani ya magharibi mwishoni mwa mwaka 1875. Cameron amemlalamikia sana kitabuni mwake. Msomaji aangalie lakini kwamba wote wanne, Burton, Speke, Stanley na Cameron, walimlalamikia Bombay, na kila aliyefuata alimwandika. Mwaka 1876 Chama cha Jiografia kilimpa pensheni, naye akafariki mwaka 1885.

Mwezi wa Oktoba 1873, huko Unyanyembe, msafara wa Cameron ulikutana na msafara mwingine usiokuwa na Mzungu ndani yake. Walikuwa watu wa Livingstone, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wamebeba maiti ya bwana wao tangu Chitambo. Cameron aliwashauri wamzike pale pale. Walikataa. Wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, wakaikabidhi maiti katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mkataba wao ulikuwa umekatwa na mauti. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwalazimisha kutembea hata hatua moja. Jambo hili huelezwa sana kwa upendo, na upendo ulikuwapo. Lakini kulikuwa na ujuzi pia: kuwalisha watu sitini hivi kwa miezi mingi, kupita nchi za watemi na maiti, jambo lililochukiwa kila mahali, na kufika.

Baada ya hapo majina yao yaliwafungulia milango. Mwaka 1874 walipelekwa Uingereza kusaidia kupanga maandishi ya marehemu. Waliporudi kila mmoja alishika njia yake. Chuma alikuwa na Askofu Steere katika safari ya kwenda Ziwa Nyasa mwaka 1875, kisha mwaka 1879 akawa mnyapara mkuu wa Keith Johnston na Joseph Thomson. Johnston alipokufa njiani, Thomson, kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliendelea kwa nguvu ya Chuma. Susi yeye alikwenda na Stanley hata mto wa Kongo. Kwa hiyo watu wawili waliobeba maiti moja waligawanyika baina ya matajiri wawili, wala hapana aliyewaita watoro. Chuma alifariki mwaka 1882. Thomson alipojiandaa kwenda Umasaini mwaka 1883 ilimbidi kutafuta mtu mwingine, akamchukua Manua Sera, aliyekuwa mkubwa wa watu wa Stanley katika safari ya 1874 hata 1877. Na hakuridhika naye. Jina kubwa halikuwa dhamana kila mara.

Sasa yatupasa tuitazame aibu ya jambo hili. Si kila aliyeandikwa Bagamoyo au Unguja alijiandika mwenyewe. Wengi miongoni mwa walioitwa waungwana misafarani walikuwa watumwa, na bwana aliyekaa nyumbani alichukua sehemu ya mshahara, mara nyingi nusu. Mtu kama huyo alibeba mzigo wa Mzungu kichwani na mzigo wa bwana wake mfukoni. Na hata aliye huru hakuwa salama akivunja mapatano. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, asimulia jinsi wapagazi Wazaramo walivyomkimbia. Akaingia nchini kwao, akakamata watu na jamaa zao kwa mamia, akawafunga minyororo, na kwa hilo akapewa jina la Kingugwa, yaani chui. Uhuru wa mpagazi ulikwenda mpaka pale mkono wa tajiri ulipoweza kufika.

Ndiyo maana naona neno utoro halitoshi. Katika vitabu vya wasafiri kila aondokaye ni mtoro: aliyekula fedha ya mbele akapotea usiku wa kwanza, aliyeogopa vita vya Mirambo, aliyepigwa, aliyepunguziwa posho, na aliyerudi kwake kulima. Wa kwanza ni mwizi, sikatai. Waliobaki wangeitwa kwa maneno mengine kama habari ingeandikwa na wao. Pwani ilikuwa na msamiati wa kutosha. Tajiri alimwandika mtu. Neno hili hili kuandika lilikuwa na maana ya kuajiri zamani kabla hatujazoea kusema kusajili. Kisha alimpa arubuni, fedha ya kufunga mapatano, na aliyeipokea bila kufuata msafara alihesabiwa kuwa amedhulumu. Leo magazeti husema timu fulani imemrubuni mchezaji wa timu nyingine. Yaelekea maneno haya ni ya ukoo mmoja, na kama ni hivyo, fedha iliyokuwa ya kufunga ahadi imezaa neno la kushawishi mtu avunje ahadi. Wataalamu wa asili za maneno waliangalie. Nao wasisahau kwamba mwandishi bora wa desturi za pwani hiyo, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na baadaye akafanya kazi Hamburg na Meinhof, aliitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, na hapana aliyemcheka kwa jina lake.

Soko hili la watu lilivunjika kwa hatua. Baada ya vita vya Abushiri vya 1888 na 1889 Wadachi waliyashika mambo ya pwani. Mwaka 1891 makao makuu yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na reli iliyoanzia huko ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Garimoshi halikuhitaji kirangozi, na neno lake likafifia. Mnyapara alisalia. Wadachi walimweka juu ya vibarua wa mashamba, Waingereza wakamkuta huko, na kwa Waswahili wa leo mnyapara ni msimamizi wa watu wasioweza kuondoka, na zaidi ya yote, mfungwa aliyewekwa kuwaongoza wafungwa wenzake.