Donge la Damu katika Nchi ya Wafugaji

Jino likishang'olewa, kazi ya daktari huwa imekwisha na kazi ya damu ndiyo kwanza inaanza. Dakika chache baadaye tundu hujaa donge zito. Donge hilo likikaa mahali pake, ufizi hujifunga kwa wiki chache, na mfupa nao hujijenga polepole kwa miezi. Likimong'onyoka mapema, kati ya siku ya pili na ya nne mfupa hubaki wazi na maumivu hupanda hadi sikioni. Mkazi wa Nairobi hurudi kliniki, tundu likasafishwa na kutiwa dawa. Mfugaji aliyeng'olewa gego Eldas, kaskazini magharibi mwa mji wa Wajir, siku hiyo ya tatu huenda yuko nyuma ya ngamia, mbali na barabara na mbali zaidi na daktari. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuponya kidonda cha kinywa kwa chembe za kugandisha damu za mgonjwa mwenyewe, huduma ambayo mijini huonekana ni ya wenye nacho, kunaifaa nchi ya wafugaji kuliko jiji. Historia ya eneo lenyewe ndiyo inayonifanya niseme hivyo.

Serikali ya kikoloni iliiweka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya, ambamo Wajir ilikuwemo, chini ya sheria za maeneo yaliyofungwa, kuanzia ile ya 1902 hadi ile ya 1934, na watu hawakuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta, vya kutaka eneo hilo lijitenge na Kenya, vikafuata, 1963 hadi 1967, na amri za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kilianza kufundisha madaktari wa meno katika miaka ya 1970, na waliohitimu hawakukimbilia Wajir. Kinywa kikabaki mikononi mwa jamaa na waganga wa jadi. Kijiti cha mswaki kilisafisha meno kabla ya swala. Malmal, yaani manemane, utomvu unaochumwa katika vichaka vya huko huko, ulitiwa kwenye maji ya kusukutua, na kidonda kisichokauka kiliguswa kwa chuma cha moto. Damu iliyodhaniwa kuwa mbaya ilitolewa kwa kuumika, ikamwagwa. Katika hayo yapo yaliyosaidia, kwa kuwa manemane hupunguza vijidudu na mswaki ni dawa ya meno iliyopimwa kwa karne nyingi. Yapo pia yaliyoumiza watoto. Desturi ya kuchimbua ufizi wa mtoto mchanga ili kutoa vichipukizi vya chonge, ambavyo Wasomali huviita ilko dacowo, ilitokana na imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu watoto wa Kisomali walioko Uingereza ulikuta madhara yake hadi katika meno ya kudumu. Mtoto aliyechimbuliwa ufizi hupata kidonda ndani ya mfupa laini, kwa kifaa kisichochemshwa, na hakuna anayelilinda donge.

Ujuzi wa kulilinda ulikuja kwa njia ndefu. Giulio Bizzozero wa Turin alizieleza chembe za kugandisha damu mwaka 1882, na kwa miaka mingi zilijulikana kwa kazi moja tu, ya kuziba mshipa uliokatika. Baadaye ikabainika kwamba zimebeba pia vichocheo vinavyoita seli za kujenga nyama, mishipa na mfupa. Mwaka 1998 Robert Marx na wenzake huko Marekani walitoa ripoti kwamba mfupa uliopandikizwa katika taya hukomaa haraka zaidi ukichanganywa na plazma yenye chembe hizo kwa wingi. Mbinu yao ilitaka dawa ya kuzuia damu isigande, kisha thrombini ya ng'ombe ili igande tena. Mwaka 2001 Joseph Choukroun na wenzake huko Ufaransa waliachana na vyote viwili. Damu, kama mililita 10, huvutwa mkononi kwenye mrija usio na dawa yoyote na kuzungushwa papo hapo, kwa kawaida mizunguko 2,700 hivi kwa dakika, kwa dakika 12. Mrija ukitolewa, juu huwa kuna maji ya manjano, chini chembe nyekundu, na katikati donge la fibrini linaloteleza. Daktari hulishika kwa koleo ndogo, hukata ncha nyekundu kwa mkasi, hulikamua likawa utando, kisha hulisukuma ndani ya tundu na kulifunga kwa uzi. Kwa wiki nzima au zaidi utando huo huendelea kutoa vichocheo, popote mgonjwa atakapokuwa.

Hapo ndipo Wajir inapokuwa na neno la kusema. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mwitalia aliyekuwa amefika Kenya mwaka 1969, alianza kuwatibu wafugaji wenye kifua kikuu kwa kuwaruhusu wapige kambi karibu na kituo chake, katika TB Manyatta, hadi dawa ziishe. Matibabu ya miezi mingi yaliyokuwa yakiwashinda wahamaji yakawezekana kwa sababu alianza na maisha yao ndipo akaja kwenye ratiba ya hospitali. Kifua kikuu kinaweza kumfanya mtu ahamie mjini miezi sita, gego haliwezi. Kwa jino, kuheshimu maisha ya mfugaji ni kufanya kila linalowezekana siku ile ile aliyokuja.

Wapo watakaosema ushahidi ni mchanga. Kuhusu mfupa kujengeka haraka, nakubali: matokeo ya tafiti yanapingana. Kuhusu magego ya mwisho ya taya la chini, tafiti zilizolinganishwa pamoja zinaonyesha kwamba utando huu hupunguza tundu kubaki kavu, yaani bila donge, pamoja na maumivu ya siku za kwanza, na hilo ndilo linalomhusu mfugaji. Wengine watauliza kuhusu damu, ambayo kwa Waislamu ikimwagika ni najisi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kiungo cha mtu kuhamishwa kutoka sehemu moja ya mwili wake hadi nyingine, faida ikizidi madhara. Na mbinu hii haina tena thrombini ya ng'ombe wala damu ya mtu mwingine. Mashine ya kuzungushia damu ni kifaa cha kawaida cha maabara, ingawa lazima kasi yake ipimwe na mrija uwe ule unaotakiwa, kwani mrija wenye dawa ya kuzuia kuganda huharibu kila kitu.

Pingamizi zito ni la watu. Utando haung'oi jino, na pasipo afisa wa afya ya kinywa aliyefundishwa kutoa damu na kushona, mashine itakaa bure. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo suala hili ni la bajeti ya Wajir: kwanza mshahara wa afisa huyo Eldas, kisha mirija. Naye atalazimika kuwaambia wagonjwa wake jambo ambalo teknolojia haiondoi: anayerudi kwenye miraa na tumbaku jioni ile ile anaweza kuung'oa utando ule kama ambavyo angeling'oa donge la kawaida.